Kihisi cha ziada kwenye alamu ya gari: Kinunuliwe kwa hesabu, si kwa hofu

MFANYABIASHARA mdogo mwenye gari moja la kubebea bidhaa ameweka sehemu kubwa ya mtaji wake barabarani. Gari hilo, liwe pikapu au ile Suzuki Carry ambayo wengi huiita Kirikuu, mara nyingi hulala nje. Likikutwa asubuhi halina betri wala magurudumu, biashara ya siku hiyo imekufa. Ndiyo maana muuza vipuri wa Gerezani au Kariakoo, jijini Dar es Salaam, hapati taabu kumshawishi mteja mwenye alamu ya kawaida aongeze kihisi, au sensa kama mafundi wanavyoiita, cha pili, cha tatu na hata cha nne.

Kabla ya kutoa fedha, mteja huyo anapaswa kuuliza swali moja tu: kihisi hicho kinalinda dhidi ya hasara ipi? Wengi hawaulizi, na hapo ndipo fedha zinapopotea.

Alamu ya kawaida hutegemea swichi za milango na boneti, pamoja na kihisi kimoja cha mtikisiko. Hutambua mlango uliofunguliwa au bodi iliyogongwa. Haitambui vizuri gari linaponyanyuliwa taratibu kwa jeki, wala mkono unaopenya kwenye dirisha lililoachwa wazi. Mianya hiyo ipo kweli, na vihisi vya kuiziba vipo.

Kihisi cha mwinamo hupiga kelele gari linapobadilisha mlalo wake. Hicho humfaa mwenye kuhofia magurudumu yake au gari lake kuvutwa. Kihisi cha kioo husikiliza mlio wa kioo kinachovunjika. Kihisi cha mawimbi ya sauti hutambua kitu kinachotembea ndani ya gari, lakini hutaka vioo viwe vimefungwa, kwani hata upepo hukisumbua. Kihisi cha rada hupenya kioo, hivyo kinaweza kumwona mtu kabla hajagusa gari.

Kila kimoja kina mahali pake. Rada isiyorekebishwa vizuri, katika vichochoro vya Kariakoo ambako wapita njia husuguana na magari, italia tangu asubuhi hadi jioni. Kihisi cha mwinamo nacho kitalia gari likifungwa juu ya pantoni inayoyumba. Kihisi cha mtikisiko kilichokazwa mno kitaamshwa na kila lori linalopita.

Hasara ya kelele hizo si usumbufu peke yake. Thamani ya alamu inatokana na watu kuiamini. Alamu inayolia mara kumi kwa usiku bila mwizi ni sawa na noti zilizochapishwa ovyo: kadiri zinavyozidi, ndivyo zinavyopungua thamani. Mlinzi huacha kutoka, jirani hugeukia upande wa pili, na mwenye gari mwenyewe huishia kuizima. Siku mwizi anapofika kweli, vihisi vyote vinne havina kazi.

Kuna pia gharama ambayo haiandikwi kwenye risiti. Vihisi hula umeme wa betri gari likiwa limezimwa. Chukulia mfumo unaotumia miliampea 20, ukaongezewa vihisi vitatu vya miliampea 10 kila kimoja. Matumizi yanafika miliampea 50, yaani ampea-saa 1.2 kwa siku. Gari likisimama siku 10, ampea-saa 12 zimekwenda. Kwa betri ya ampea-saa 40 iliyochakaa na kubaki na nusu ya uwezo wake, huo ni zaidi ya nusu ya akiba. Waya zilizosokotwa na kufungwa utepe, bila fyuzi, huongeza hatari ya shoti.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba kihisi hutoa taarifa tu, hakizuii gari kuondoka. Mfano mzuri ulionekana Marekani. Mwezi Februari 2023, baada ya wizi wa magari ya Hyundai na Kia yasiyokuwa na kifaa cha kuzuia injini kuenea kwa msaada wa video za mitandaoni, kampuni hizo zilitoa programu ya bure kwa magari yapatayo milioni 8.3. Programu hiyo iliongeza muda wa king'ora kutoka sekunde 30 hadi dakika moja. Lakini haikuishia kwenye kelele: ilifanya pia injini isiwake bila ufunguo kuwamo kwenye swichi. Kwa hiyo mwenye gari lisilo na kizuizi cha injini angefanya vema kuanza na kizuizi, kisha ndipo afikirie vihisi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Ikiwa kihisi cha mwinamo pamoja na kazi ya fundi ni sh. 80,000, na magurudumu manne yakiibwa hasara ni sh. 800,000, basi katika wenye magari 10 walionunua kihisi hicho, akiokolewa mmoja tu, fedha za wote zimerudi. Hiyo ni biashara nzuri. Lakini kihisi hicho hicho kwa mtu ambaye gari lake hulala ndani ya geti, na ambaye hasara yake ya kila mara ni vioo vya pembeni, hakirudishi kitu. Huyo angefaidika zaidi kwa kuchora namba ya gari kwenye vioo na taa, ili mnunuzi wa mali ya wizi asizitake.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye gari aandike kwanza alichowahi kuibiwa, mahali gari linapolala, na aina ya bima aliyonayo. Mwenye bima ndogo akumbuke kwamba gari lake likiibwa halipwi. Mwenye bima kubwa asome mkataba wake, maana kwa kawaida bidhaa zilizomo ndani ya gari si sehemu ya bima ya gari.

Baada ya hapo anunue kihisi kimoja kinachojibu hasara yake. Fundi akifunge kwa fyuzi, kisha kijaribiwe usiku mahali pale pale gari linapolala, kabla malipo hayajakamilika. Kihisi cha pili kisubiri mpaka cha kwanza kithibitike kuwa kinalia kwa sababu.