Fidia ya Aliyeumia Kazini ni Haki, si Sadaka

Ndugu zetu wasomaji, ajali ikishatokea, sisi husema: ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Tunasema kweli. Lakini huku kwetu Kibaha na Kisarawe maneno hayo matukufu yamekuwa yakifunika jambo jingine, nalo ni haki ya mja inayopotea huku jamaa zake wakitazama.

Mambo yanavyokwenda twayajua sote. Kijana anafanya kazi kiwandani Zegereni au Visiga, ama anapakia mawe na mchanga upande wa Kisarawe. Anaumia, anapoteza vidole. Mwajiri analipia matibabu ya siku chache, analeta gunia la mchele na bahasha. Wazee wanakaa mkekani, inasomwa dua, na shauri linahesabiwa limekwisha. Mwaka ukipita ndipo mke anapouliza watoto watakula nini.

Yatupasa tutofautishe mambo mawili. Kuridhia kadari ni baina ya mja na Mola wake. Fidia ni haki baina ya watu. Gunia la mchele ni ihsani, na mwenye kulileta tunamshukuru. Lakini ihsani haifuti haki.

Haki hiyo imewekwa na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi Julai 1, 2015. Mwenye kuuchangia ni mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi hata senti moja. Wala aliyeumia halazimiki kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea. Mfuko hugharimia matibabu, na kwa muda asioweza kufanya kazi hulipa asilimia 70 ya mshahara, kwa muda usiozidi miezi 24. Ulemavu wa kudumu ukizidi asilimia 30, hulipwa pensheni ya kila mwezi. Usipozidi, hulipwa mkupuo. Akifariki, wategemezi wake nao wana fungu lao.

Ila haki hii ina muda. Aliyeumia amwarifu mwajiri mapema, na mwajiri aufikishie Mfuko taarifa ndani ya siku saba. Madai yasiyowasilishwa ndani ya miezi 12 tangu ajali huwa hatarini kupotea kabisa. Kwa hiyo subira isiyo na maandishi si subira, ni kupoteza haki ya watoto.

Na msaada upo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na msaada wao hautozwi malipo. Asiyewajua aende kwa Ofisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri yake, aulize waliosajiliwa. Aende na nakala ya mkataba au hati za malipo, cheti cha hospitali, tarehe na saa ya ajali, na majina ya walioshuhudia. Asiye na mkataba wa maandishi asijihukumu mwenyewe kwamba hana haki. Na aulize kwanza. Asitie sahihi wala dole gumba katika karatasi asiyosomewa. Na mtu akijitokeza kudai sehemu ya fidia kwa ahadi ya kuiharakisha, akimbiwe. Uamuzi wa Mfuko usiporidhisha, sheria imefungua njia ya kuomba upitiwe upya, hadi Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.

Nanyi waajiri, Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kumlipa mfanyakazi ujira wake bila kuchelewa. Ikiwa jasho lina haraka hiyo, kiungo kilichokatika je? Mchango mmekwisha kuutoa; kuificha ajali kwawafaa nini?

Wazee wetu, siku mtakapoitwa tena mkekani, kabla ya kuinua mikono ulizeni swali moja: taarifa imeandikwa, na imefika? Kisha ombeni dua.

Wabillahi Tawfiq.