Hesabu ya Wafu ni Deni la Walio Hai

Wazee wetu walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili huheshimiwa sana dukani na sokoni, kwa maana hakuna apendaye kupotewa na shilingi asijue ilikokwenda. Ajabu ni kwamba watu hao hao walio wakali juu ya shilingi huwa wapole mno juu ya roho za wanadamu. Mtu mmoja akifa, kijiji kizima hukesha matangani. Wakifa maelfu, twatosheka kusema kuwa walikuwa wengi, kisha tukanyamaza. Husemwa pia kuwa kifo cha wengi ni harusi. Mimi naipinga methali hii ya pili kwa nguvu ya ile ya kwanza. Kifo cha wengi si harusi. Ni deni, na deni lisiloandikwa halilipwi.

Mfano wangu nautoa katika nchi yetu wenyewe. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari katika Kenya, na hali hiyo haikuondolewa mpaka Januari 1960. Katika miaka hiyo wapiganaji wa Mau Mau walisakwa msituni. Wanaume kwa makumi ya maelfu walitiwa kizuizini. Na tangu mwaka 1954 watu zaidi ya milioni moja, Wakikuyu, Waembu na Wameru, walihamishwa kwa nguvu wakakusanywa katika vijiji vilivyowekewa ulinzi wa bunduki. Je, walikufa wangapi? Swali ni fupi, lakini majibu yake yamepishana kama mbingu na ardhi.

Jibu la kwanza lilitolewa na serikali ile yenyewe. Hesabu yake rasmi ilitaja wapiganaji 11,503 kuwa waliuawa. Tazama, msomaji, jinsi daftari hilo lilivyoandikwa. Aliyehesabu ndiye aliyepiga risasi, naye alihesabu maiti za wale aliowaita adui. Mtoto aliyekufa kwa njaa au kwa maradhi ndani ya kijiji kile cha kulazimishwa hakuwa na mahali katika hesabu hiyo. Wala kalamu ya serikali hiyo haikustahili kuaminiwa siku zote. Tarehe 3 Machi 1959 watu 11 waliokuwa kizuizini walipigwa hata wakafa katika kambi ya Hola, na taarifa ya kwanza ya serikali ilisema kuwa walikufa baada ya kunywa maji. Njia ya mwongo ni fupi: uchunguzi ulionyesha kuwa walikufa kwa kipigo.

Jibu la pili lilikuja mwaka 2005, katika kitabu cha mwanahistoria Mmarekani, Caroline Elkins. Yeye alilinganisha sensa ya mwaka 1948 na ile ya mwaka 1962. Aliona kuwa Wakikuyu na jirani zao wa Embu na Meru hawakuongezeka kama Wakamba, Wajaluo na Waluhya walivyoongezeka, akaandika kuwa watu kati ya 130,000 na 300,000 hawajulikani walikokwenda. Kazi ya bibi huyu ina sifa yake, kwa kuwa ilikusanya ushuhuda wa watu ambao hapo kwanza hawakusikilizwa. Lakini sifa ya kazi haiondoi kosa lililomo katika hesabu. Watu wakipungua kati ya sensa mbili, sababu zaweza kuwa tatu: waliokufa, wasiozaliwa, na wasiohesabiwa. Mume akiwa kizuizini miaka mitano, mtoto ambaye angezaliwa hazaliwi. Kukosekana kwake ni hasara ya kweli, lakini si kifo. Kadhalika sensa ikiwaacha watu wengi wa kabila jirani mara ya kwanza na kuwapata mara ya pili, ongezeko lao litaonekana kubwa kuliko lilivyo. Mtu akizichanganya sababu tatu katika kapu moja, kisha akaliita kapu lote kaburi, ameacha kuhesabu, ameanza kukisia.

Njia iliyo sawa haina uchawi, na mwanafunzi wa sekondari aweza kuifahamu. Tuseme wilaya moja ina wanaume 100,000, na katika miaka ya amani hufa wanaume 12 katika kila 1,000 kwa mwaka. Basi kwa mwaka mmoja twatazamia vifo 1,200. Ikiwa katika mwaka wa vita wamekufa 2,000, tunatoa 1,200, na wanaobaki ni 800. Hawa 800 ndio vifo vya ziada, yaani vifo ambavyo visingalitokea kama mambo yangalikwenda kama desturi. Lakini yapasa kulinganisha walio sawa: vijana na vijana, wazee na wazee, wanaume na wanaume. Wilaya yenye wazee wengi itazika watu wengi hata wakati wa amani.

Utauliza: itakuwaje mahali ambapo vifo havikuandikwa daftarini? Hapo huulizwa walio hai. Mama huulizwa amezaa watoto wangapi na wangapi wako hai. Mtu huulizwa kama baba yake yu hai, na kama mama yake yu hai. Majibu ya mtu mmoja ni habari ya nyumba moja tu. Majibu ya mkoa mzima, yakipangwa kwa umri na kulinganishwa na ya mikoa mingine, huonyesha miaka ya msiba. Ikiwa waliofiwa na baba wamezidi kuliko waliofiwa na mama, twajua kuwa upanga uliwaangukia zaidi wanaume.

Kwa ushahidi wa namna hii John Blacker, mtaalamu wa takwimu za watu, aliipima upya habari hii mwaka 2007. Alikata shauri kuwa vifo vya ziada miongoni mwa Wakikuyu yamkini havikuzidi 50,000. Katika hivyo, wanaume watu wazima walikuwa kama 17,000, wanawake watu wazima 7,000, na watoto wa chini ya miaka kumi 26,000.

Najua nitakayojibiwa. Wa kwanza atasema kuwa kupunguza hesabu kutoka 300,000 hadi 50,000 ni kumpunguzia mkoloni dhambi yake. Sivyo hata kidogo. Elfu hamsini ni zaidi ya mara nne ya idadi ile ya serikali. Tena mwenye kutia chumvi humpa mkosaji mlango wa kutokea, kwa kuwa tarakimu moja ikivunjwa, mkosaji hudai kuwa ushahidi wote umevunjika. Kweli iliyo uchungu haihitaji kuongezwa.

Wa pili atasema kuwa makadirio si kitu, maana hayana majina wala makaburi. Nami namjibu kuwa makadirio yaliyofanywa waziwazi huweza kusahihishwa na yeyote ajuaye zaidi, bali kimya hakisahihishiki. Tena hesabu njema hutaja mpaka wake. Hesabu ya vifo vya ziada hutwambia ni wangapi waliozidi. Haitwambii nani aliua kila mmoja, wala ni wangapi waliopatwa na risasi, njaa au maradhi. Kwa hayo zatakiwa nyaraka na ushuhuda, kama David Anderson alivyozichunguza kumbukumbu za mahakama akapata watu 1,090 walionyongwa.

Wa tatu, naye ndiye mwenye moyo mwema kuliko wote, atasema kuwa ni ukatili kuwageuza marehemu kuwa tarakimu. Ndugu yangu, ukatili ulitangulia. Tangu zamani tumezoea kuisimulia habari ile kama vita vya wanaume: wanaume wa msituni na wanaume wa kambini. Simulizi ile si ya uwongo, lakini ina upungufu. Hesabu ndiyo iliyotuonyesha kuwa zaidi ya nusu ya waliozidi kufa walikuwa watoto, ambao hawakula kiapo wala hawakushika silaha. Machozi yetu hayakuwa yamewaona. Kutoa na kujumlisha ndiko kulikowaona.

Mwezi wa Juni 1993 wengi wao wangalikuwa wazazi wa watu wazima. Na Juni 2013, serikali ya Uingereza ilipotamka majuto yake na kukubali kuwalipa Wakenya 5,228 walioteswa, wangalikuwa wazee wenye wajukuu. Waliolipwa walikuwa hai, wakaweza kudai. Mtoto aliyekufa mwaka 1955 hana wakili na hawezi kusimama mbele ya hakimu. Shahidi aliyebakiwa naye ni hesabu peke yake, na shahidi huyu akifundishwa kusema uwongo, kwa hila au kwa huruma, mtoto yule hana tena wa kumsemea.

Basi ninyi vijana msomao maneno haya, msiidharau hesabu mkidhani ni kazi ya wenye maduka. Hata leo vifo vingi vya vijijini haviandikishwi, na kila kisichoandikishwa ni mlango ulioachwa wazi kwa mwongo wa kesho. Mtu akifa nyumbani kwenu, mlilieni kama ada ilivyo, kisha mwende mkamwandikishe kwa naibu wa chifu. Na mkisikia mtu akitaja idadi ya wafu, iwe kubwa au ndogo, msimwulize kwanza yu upande gani. Mwulizeni amehesabu vipi.