Msitufungie Kompyuta, Tupeni Diski Mtoto

Leo tuko na neno kwa ninyi mnaotusaidia, na ni kuhusu neno la siri.

Kwenye chumba chetu hapa Jinja tuko na laptopu sita za msaada. Mwenzetu mmoja alikuwa anajaribu kuweka Ubuntu, akabonyeza pasipofaa, Windows ikafutika yote. Hakuiba, hakuwa anacheza. Alikuwa anajifunza. Waliotupa mashine wakaja, wakaweka neno la siri tusilolijua, na tangu siku hiyo ni Word na Excel tu. Chumba kikaanza kubaki kitupu. Nani atalipa boda kuja kuangalia kompyuta isiyoguswa?

Tunawaelewa, bana. Mashine ikifa fundi anataka pesa, na kupakua Windows upya kunakula bando la GB nyingi, bando ambalo hapa Uganda linatozwa kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021. Lakini sisi wakimbizi wa mjini hatuna posho ya kambini. Kazi ndiyo posho yetu, na kazi inataka mtu aliyezoea mashine, siyo aliyeiogopa.

Wenzetu wa Mbale wametuonyesha njia. Tulipanda taksi, Iganga, Tirinyi, hadi kwao, tukaona kwa macho. Wanatumia VirtualBox, programu ya bure inayotengeneza kompyuta ndani ya kompyuta. Diski ya hiyo kompyuta ya ndani ni faili tu. Wanaweka mfumo mara moja kwenye faili moja, wanaliita diski mama. Halafu kila mwanafunzi anapewa diski mtoto. Mtoto hana mfumo ndani yake, anaandika tofauti tu. Kitu ambacho hujakigusa kinasomwa kwa mama, ukikibadilisha, badiliko linakaa kwa mtoto. Ni kama kutandika plastiki safi juu ya ramani na kuchora kwenye plastiki. Ukiharibu, unatupa plastiki, ramani iko palepale.

Hesabu yake ni nzuri. Mama wao wa Windows anakula GB 20 hivi. Laptopu moja inatumiwa na watu watano, kwa hiyo nakala kamili za watano ni GB 100, na diski yao ni ya GB 128. Haiwezekani. Lakini mtoto anazaliwa na MB chache, na baada ya mwezi ana GB mbili au tatu. Wanafanya kazi mmoja mmoja kwa zamu, maana RAM ya GB 8 haibebi wengi. Ya GB 4 inatambaa.

Na kwa nini matoleo mengi? Kwa sababu maofisi hayafanani. Microsoft iliacha kuhudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Wengine wamehamia 11, wengine wamebaki. Lakini msidanganyike, kila toleo linataka mama wake. Ukimpandisha mtoto wa 10 awe 11, karibu kila kitu kinabadilika, naye anavimba kama mfumo mzima. Na leseni ya Windows inahitajika hata huko ndani. Toleo la majaribio la kampuni linadumu siku 90. Ubuntu ni bure, anzeni nayo.

Tuseme ukweli pia. Mbale iliwakuta. Kijana mmoja aliona diski imejaa, akaona faili la GB 20 ambalo hakuna anayelifungua, akalifuta. Lilikuwa mama. Watoto watano walikufa saa ileile. Dada mmoja alikuwa ameweka CV yake humo, na Jumatatu alikuwa na intavyu. Aliiandika upya usiku kucha kwenye simu ya kuazima. Siku hiyo wenyewe walitaka kuweka kufuli! Sasa nakala ya mama inakaa kwenye diski ya nje, na kazi ya mtu inakaa kwenye flashi yake, kamwe siyo ndani ya mtoto.

Kwa hiyo hatusemi neno la siri liondoke kabisa. Liwekeni kwenye Windows ya mashine na kwa mama, mahali pake ni hapo. Kwa watoto tuacheni tufute, tuvunje, tuanze tena. Kumzaa mtoto mwingine ni dakika moja, wala hakuli bando.

Tumerudi Jinja na diski ya nje yenye mama wawili, wa Ubuntu 22.04 na wa 24.04. VirtualBox tunayo kwenye flashi. Kinachotukwamisha ni kwamba uwezo wa kuendesha kompyuta ya ndani unawashwa kwenye BIOS, na BIOS nayo mmeifunga. Jumamosi tutakuwa chumbani kuanzia saa tatu asubuhi. Mwenye lile neno la siri aje, hatutamuuliza ni lipi. Aliandike mwenyewe, awashe, aende zake.