Albamu Mpya, Sauti za Zamani: Jina la Aliyeimba Liko Wapi?

Leo tunaweka kando mapishi na malezi, tuzungumze muziki. Tuseme mapema kwamba sisi si wanamuziki wala watangazaji wa redio. Ni wanawake wa visiwani tulioshukia Mkuyuni kutafuta maisha, na muziki tunausikiliza tukipaa samaki, tukinyoosha sare za watoto, au tukiwa tumebanwa kwenye daladala ya Nyegezi. Kinanda kikikosea noti hatujui. Lakini wimbo ukitugusa tunajua, na mwanamke anayeimba kwa uchungu wa kweli tunamtambua hata kama lugha yake si yetu.

Miaka hii zinatoka albamu za aina mbili. Zipo mpya kabisa, na zipo za zamani zinazotolewa upya: kanda au santuri iliyokuwa imelala kabatini inasafishwa mikwaruzo, inapewa jalada jipya, inaingizwa mtandaoni. Tunazipenda zote. Ila tumekuwa tukijiuliza swali moja kila tukisikiliza, na leo tunalileta kwenu: aliyeimba anaitwa nani? Maoni yetu ni kwamba albamu ya zamani ikirudi bila jina la aliyeiimba, kilichorudi ni nusu tu.

Tuanze na Zanzibar. Najua wengine mtasema, "Watu wa kwaya na taarabu wapi na wapi?" Tuvumilieni, mtaona kwa nini tumeanzia huko. Mwaka 2020 ilitoka albamu inayoitwa Siti of Unguja. Mwimbaji wake ni Siti Muharam, kitukuu cha Siti binti Saad, na nyimbo ni zile za bibi yake. Hii albamu tunaipenda usiku, nyumba ikishatulia. Waliotengeneza wamechanganya taarabu ya kale na ladha ya kisasa, lakini hawakumzidi mwimbaji kwa kelele. Sauti ya Siti Muharam haikimbii. Inakaa kwenye neno mpaka neno limalize kazi yake. Kwa masikio yetu hilo ndilo jambo ambalo albamu nyingi mpya zimelikosa. Kinanda kinajaza kila nafasi kana kwamba ukimya ni dhambi.

Na huyo bibi mwenyewe ni habari kubwa. Siti binti Saad alizaliwa Fumba mwishoni mwa karne ya 19, katika familia ya watu wa chini kabisa. Jina alilolelewa nalo ni Mtumwa. Alitembeza vyungu akiuza, na watu wakaijua sauti yake kabla hawajaijua sura yake. Jina la Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima, alilipata baadaye kwa sababu ya uimbaji. Mwaka 1928 alisafiri mpaka Bombay, India, kurekodi santuri, na Shaaban Robert akamwandikia kitabu kizima, Wasifu wa Siti binti Saad. Fikirini, dada zetu: mwanamke aliyeanza maisha akiitwa Mtumwa, leo kitukuu chake kinaimba na jina la Siti limeandikwa juu ya jalada. Hapo ndipo tunaposema kutolewa upya kumefanya kazi yake.

Hata nyimbo zake zenyewe hazikusahau watu. Wimbo wake mmoja, Kijiti, unamhusu mwanamke aliyeuawa, na muuaji aliyetorokea bara. Bila wimbo ule nani angekuwa bado anazungumza habari za mama yule leo, karibu miaka mia baadaye? Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, aliyefariki Aprili 2013, naye aliuimba, na ndiye aliyezibeba nyimbo za Siti mpaka kizazi chetu. Rekodi za Bi Kidude zimekusanywa pia na kampuni ya Ufaransa, Buda Musique, katika mfululizo wao uitwao Zanzibara; namba 4 ya mwaka 2007 ni yake peke yake. Tukiwa wakweli, kuisikiliza yote kwa mpigo inachosha kidogo mtu asiyezoea, kwa maana sauti yake ina kwaruzo la jiwe la kusagia. Isikilize nyimbo mbili mbili, ukiwa unachambua mchele. Utaielewa.

Tuje bara. Mwaka 2024 kampuni ya Real World ya Uingereza ilitoa albamu ya The Zawose Queens iitwayo Maisha. Hawa ni Pendo na Leah Zawose, binti na mjukuu wa marehemu Hukwe Zawose, yule Mgogo aliyeitembeza ilimba na zeze dunia nzima mpaka alipofariki mwaka 2003. Kwa miaka mingi wanawake wa ukoo ule walikuwa nyuma jukwaani: wakiitikia, wakipiga ngoma, wakicheza. Zeze na kuongoza wimbo vilikuwa vya wanaume. Sasa wamesogea mbele, majina yao ndiyo ya kwanza kwenye jalada, na wanaimba mambo yao.

Kati ya albamu zote tulizotaja, hii ndiyo tuliyoirudia zaidi. Ina furaha. Sauti zao zinapandana kama wanawake wanaotwanga kinu kimoja, huyu akishusha mchi mwenzake anainua. Humo ndani kuna mitambo ya kisasa, lakini ngoma na ilimba zinasikika wazi, na hata mtoto wa miaka minne anacheza. Kinachotugusa zaidi ni kwamba sauti hizi zilikuwapo siku zote. Hazikuzaliwa mwaka 2024. Zilikuwa zinaitikia nyuma ya jina la mtu mwingine.

Sasa tujiangalie sisi wa Kanda ya Ziwa. Mwaka 1950 mzungu mmoja aitwaye Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mitambo yake akirekodi ngoma na nyimbo za makabila mbalimbali, za Wasukuma zikiwemo. Mkusanyiko wake umehifadhiwa Afrika Kusini, na baadhi ya rekodi hizo zimeshatolewa upya kwenye CD. Tunamshukuru kwa kuhifadhi. Lakini ukisikiliza kazi za namna hii, mara nyingi utakuta umeandikiwa jina la kabila, jina la chombo, na maneno kama "kikundi cha wanawake". Basi. Kikundi cha wanawake! Kana kwamba mama anayeanzisha wimbo hakupewa jina na wazazi wake.

Kabla hatujamlaumu mgeni wa mwaka 1950, tutazame majalada ya kwaya zetu wenyewe. Mwanza ni mji wa kwaya, hilo halina ubishi. Kwaya ya Vijana ya AIC Makongoro imesikika mbali sana na ziwa hili, na kila usharika na parokia ina kwaya yenye angalau albamu moja. Nyimbo za miaka ya tisini zilizokuwa kwenye kanda sasa zinatolewa upya: nyingine zimerekodiwa tena na vijana, nyingine ni zilezile zimesafishwa, unaingiziwa kwenye memori kadi hapo Mkuyuni kwa kijana mwenye kompyuta. Tunafurahi mno kuzisikia. Zimetulea.

Yupo mama tunayesali naye, mwenyeji wa Ukerewe, sasa anauza dagaa. Alipokuwa msichana aliongoza wimbo katika kanda ya kwaya moja, wimbo ambao wengi wenu mkiusikia mtaitikia bila kufundishwa. Kanda ile imetolewa upya. Jalada lina jina la studio, namba za simu mbili za mtayarishaji, na picha ya machweo ya ziwa. Jina la mama halipo. Wajukuu wake wanausikia wimbo kwenye daladala na hawajui kwamba ni bibi yao. Tulipomuuliza kama haumii, alicheka, akasema Mungu anamjua. Kweli Mungu anamjua. Lakini na wale waliotengeneza jalada walimjua, maana walimpigia simu kuomba picha za zamani.

Najua jibu litakalokuja: kwaya ni ya Bwana, utukufu ni wake, majina ya watu ya nini? Hoja hii tunaiheshimu, na mama zetu waliishi kwa hiyo. Ila ina kasoro mbili. Kwanza, unyenyekevu ni sadaka; anayeutoa ni mwenye nao. Mtu mwingine akikunyima jina lako, hapo hujanyenyekea, umenyang'anywa. Pili, ingekuwa ni suala la utukufu wa Mungu, basi majalada yasingekuwa na jina hata moja. Lakini jina la mwalimu wa kwaya lipo, la mpiga kinanda lipo, la studio lipo kwa herufi kubwa. Wanaokosekana ni walewale kila mara: sauti ya kwanza na sauti ya pili, waliovaa vitenge.

Biblia yenyewe imetuonyesha njia zote mbili. Katika Kutoka 15, baada ya kuvuka bahari, aliyeshika tari na kuwatangulia wanawake wote ametajwa kwa jina: Miriamu. Tangu siku ile mabinti wanaitwa Miriamu. Halafu fungua Ezra sura ya 2, orodha ya waliorudi kutoka utumwani Babeli. Wapo waimbaji, wanaume kwa wanawake, na wamehesabiwa: 200. Nehemia naye ametoa hesabu yake: 245. Wamehesabiwa kwa idadi, karibu na farasi, nyumbu, ngamia na punda. Hatujui hata jina la mwanamke mmoja kati yao. Walivuka jangwa wakiimba, na hakuna binti leo anayeitwa kwa jina la mmoja wao. Dada zetu, kwaya zetu zichague: orodha ya Ezra au tari la Miriamu?

Na jambo hili lina sura ya mkate wa kila siku pia. Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na chombo chake ni COSOTA. Neno la pili, hakishiriki, wengi tunalipita haraka. Linamhusu aliyeimba au kupiga, si mtunzi peke yake. Lakini haki inamfuata mtu anayejulikana. Wimbo ukiingiza hata shilingi elfu kumi, zitapelekwa kwa nani ikiwa kwenye karatasi zote hakuna aliyeimba? Mama wa dagaa hadai utajiri. Lakini siku akiugua, kwaya iliyotoa upya sauti yake ingekuwa na sababu iliyoandikwa ya kumkumbuka.

Tunapendekeza mambo machache, na hakuna linalohitaji fedha nyingi. Kwaya ikienda studio, katibu awe na daftari: tarehe, jina la wimbo, mtunzi, aliyeongoza, waliopiga vyombo, na waimbaji wote kwa sauti zao. Ukurasa mmoja unatosha. Nakala moja ibaki kanisani, nyingine kwa mtayarishaji, na majina yaandikwe kwenye jalada au chini ya video. Kwaya ikitaka kutoa upya kazi ya zamani, iwatafute kwanza walioimba, walio hai na familia za waliolala, waambiwe, wakubaliane, na makubaliano yaingie kwenye muhtasari wa kikao. Kama hawakumbuki nani aliongoza, waulize kinamama. Kinamama wanakumbuka. Watakuambia mpaka kitambaa cha sare kilinunuliwa duka gani.

Na sisi wasikilizaji wa kawaida tuna sehemu yetu. Ukiingiziwa nyimbo, uliza jina. Ukiurusha wimbo kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, andika jina la aliyeongoza kama unalijua. Ukiipenda Maisha, sema Pendo na Leah, usiseme tu "wale wanawake wa Kigogo". Na kama nyumbani kwenu yuko bibi aliyewahi kuimba, mkalishe wiki hii, mwambie ataje wenzake aliosimama nao mstari mmoja, na uandike. Siti binti Saad aliandikiwa kitabu. Bibi yako anaweza kuandikiwa angalau ukurasa wa daftari la shule.

Albamu zenyewe zitafuteni, msituamini sisi tu. Siti of Unguja kwa usiku mtulivu, Maisha kwa siku ya usafi wa nyumba, Bi Kidude kwa vipande vidogo vidogo. Na kanda za kwaya zetu, kwa siku zote. Muziki wa mama zetu umeanza kurudi, mmoja mmoja, kutoka makabatini. Tuupokee kama tunavyompokea mgeni wa heshima mlangoni: karibu ndani, na jina lako nani?