Tusimwache Muuguzi Peke Yake Wodini

Wiki iliyopita, katika hospitali moja ya kaunti, mtoto alifariki alfajiri. Muuguzi wa zamu alikuwa mmoja kwa wodi nzima, baadhi ya vitanda vikiwa na watoto wawili wawili. Kabla hajamaliza kumfunika yule malaika, jamaa walikuwa wameshamzingira wakimwita muuaji. Kijana mmoja akatoa simu, akarekodi. Kufikia adhuhuri video ilikuwa imeenea WhatsApp. Kufikia jioni muuguzi alikuwa amekabidhiwa barua ya kujieleza, na usiku huohuo akarudi zamu. Hakuna aliyemuuliza kama amekula, sembuse kama amelia.

Sababu tunazijua: wauguzi wachache, dawa hakuna, mishahara inachelewa. Ila Wakenya wenzangu, hivi tunangoja nini zaidi? Mwaka 2017 serikali ilitia sahihi mkataba wa kuwalipa madaktari wanagenzi Sh206,000 kwa mwezi. Mwaka 2024 ikashikilia Sh70,000, na madaktari wakagoma siku 56. Mwaka huohuo tulizika wanagenzi waliojitoa uhai. Tukaandika rambirambi mtandaoni, basi, tukarudi kwenye siasa. Na aliyelemewa angemwambia nani? Hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipobatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai, kifungo hadi miaka 2. Watu walinyamaza, na wengi bado wananyamaza, kwa sababu hospitali zetu humhesabu daktari anayelia kuwa daktari asiyefaa. Huo ni ukatili, tuuite kwa jina lake.

Tuanze na simu. Ukiwa na malalamiko, yapeleke kwa bodi ya hospitali, au kwa mabaraza yanayosimamia madaktari na wauguzi. Yapo kwa kazi hiyo. Video ya mtu aliyefiwa na mgonjwa mikononi mwake si ushahidi, ni kipigo. Ikikufikia, ifute.

Nyumbani nako, mke au mume akitoka zamu ya usiku, mwache alale. Chai anaweza kupika mwingine. Makanisa na misikiti nayo ina la kufanya. Viongozi wa dini wanajua namna ya kukaa na mtu mwenye uchungu.

Nanyi dada na kaka wa hospitali, nawasihi: usingizi ukikukimbia majuma mazima, usijitibu kwa vidonge vya stoo. Mwambie mwenzako unayemwamini, umwone daktari kama unavyowaambia wengine kila siku.

Lakini lililo kubwa ni bajeti. Makadirio ya kila kaunti hutakiwa kufika bungeni mwake kabla ya Aprili kwisha, na Katiba inataka wananchi tushirikishwe. Tangazo la mkutano huwekwa mahali ambapo hakuna anayesoma, kwa hiyo mpigie mwakilishi wadi wako umuulize ni lini. Kisha twende, si wawili watatu, twende kijiji kizima. Tuulize: usiku, muuguzi mmoja anahudumia wagonjwa wangapi? Mtaalamu wa ushauri nasaha kwa wafanyakazi yuko wapi, na analipwa kutoka fungu gani? Mgonjwa akifa, nani humkalisha chini aliyekuwa zamu? Tukiambiwa fedha hazipo, tuulize za magari mapya zilitoka wapi, na tusitoke ukumbini hadi jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.