UCHAMBUZI: Mkulima wa majanichai ajifunze kuiuliza akili unde

WAKULIMA wadogo wa majanichai katika kaunti za Kericho na Bomet walipotangaziwa bonasi ya mwaka wa 2025, malalamiko yalizagaa vijijini. Viwango vilikuwa vimeshuka na, kama ilivyokuwa miaka iliyotangulia, viwanda vya magharibi mwa Bonde la Ufa vililipa kidogo kuliko vile vya mashariki.

Swali la wengi lilikuwa fupi: pesa zimekwenda wapi?

Zamani swali la aina hiyo lingepelekwa kwa mkurugenzi wa kiwanda, kwa afisa wa kilimo au barazani kwa chifu. Siku hizi mwenye simu na bando anaweza kuliandika kwenye programu ya akili unde, ile ambayo majirani wa Tanzania huiita akili mnemba, na kupata jibu papo hapo. Hali hiyo ilianza kuwa ya kawaida baada ya kampuni ya OpenAI ya Marekani kuizindua ChatGPT mnamo Novemba 30, 2022, na kampuni nyingine kufuata nyayo.

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Lakini kwa chombo hiki kipya, namna ya kuuliza ndiyo inayoamua iwapo mkulima atapata msaada au atapotoshwa kwa lugha tamu.

Sababu iko katika jinsi programu hizi zinavyofanya kazi. Zimefunzwa kwa kusomeshwa maandishi mengi mno, na kazi yake ya msingi ni kukadiria neno linalofaa kufuata jingine. Hazina daftari la kiwanda cha Litein, Kapkatet au Kapkoros. Anayeuliza asipozipa habari za kutosha, hujaza mapengo kwa mambo ya jumla, na wakati mwingine hubuni takwimu ambazo hazipo, zikiziandika kwa uhakika uleule wa jambo la kweli.

Chukua neno 'chai' lenyewe. Nchini Kenya neno hilo ni kinywaji, ni zao la shambani na, kwa bahati mbaya, ni hongo pia. Mtu akiandika, "Chai imelipwa pesa ngapi?" chombo kinabaki kubahatisha. Akiandika kwamba yeye ni mkulima mdogo wa Bomet anayepeleka majani mabichi katika kiwanda kinachosimamiwa na Shirika la Ustawishaji wa Majani Chai (KTDA), na kwamba anataka kuelewa malipo yake ya mwaka, njia ya kubahatisha imefungwa.

Hatari ya pili ni swali linalobeba jibu lake. Anayeuliza, "Kiwanda kimeniibiaje?" amekwisha kutoa hukumu, na programu hizi zina mazoea ya kumfuata mwulizaji anakoelekea. Huenda zikamtungia orodha ya njia za wizi, hata pale ambapo hakuna ushahidi wowote. Katika maeneo ambako uchaguzi wa wakurugenzi wa viwanda huzua joto, orodha kama hiyo ikisambazwa kwenye WhatsApp yaweza kuwasha moto.

Swali la haki lingekuwa: "Ni mambo gani yanayoweza kupunguza bonasi ya mkulima wa majanichai nchini Kenya, na nitahitaji stakabadhi gani ili kubaini ni lipi lililotokea?" Hapo mkulima ataelezwa kuhusu bei katika mnada wa Mombasa, ubora wa majani, gharama za kiwanda na thamani ya shilingi. Jambo hili la mwisho si dogo. Majanichai huuzwa kwa dola za Marekani. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikaribia Sh160, lakini baadaye mwaka huo ikashuka hadi karibu Sh129. Dola zilezile zikaleta shilingi chache. Uwezekano wa ubadhirifu haufutwi na maelezo hayo, ila sasa unachunguzwa kwa vielelezo.

Kanuni ya tatu ni kuipa programu takwimu zako na kuiamuru isitoke nje yake. Tuseme mkulima aliuza kilo 3,000 za majani mabichi kwa mwaka, akalipwa Sh25 kwa kilo kila mwezi na bonasi ya Sh20 kwa kilo. Alikatwa Sh15,000 za mbolea na kuwalipa wachumaji Sh10 kwa kilo. Akiandika hayo yote, kisha aombe hesabu ifanywe hatua kwa hatua, ataona kwamba mapato ya Sh135,000 yanabaki Sh90,000 baada ya gharama, yaani Sh30 kwa kilo.

Swali linalofuata ndilo lenye uzito: je, bonasi ikishuka kwa Sh10? Mapato yatapungua kwa Sh30,000, lakini gharama hazitapungua hata senti. Theluthi moja ya kinachobaki mfukoni itakuwa imetoweka. Huo ndio ufahamu ambao mkulima anaweza kwenda nao katika mkutano wa kiwanda, badala ya kwenda na hasira tupu.

Kuomba hatua zionyeshwe si mapambo. Mwaka wa 2022 watafiti wa Google walionyesha kuwa programu kubwa za lugha hufanya vyema zaidi katika hesabu zinapopewa mifano inayoonyesha hatua za kufikiri. Miaka miwili kabla, watafiti wa OpenAI walikuwa wameonyesha kwamba mifano michache tu ndani ya swali huisaidia programu kuelewa kazi inayotakiwa. Programu za karibuni hupiga hatua hizo zenyewe mara nyingi, lakini hatua zilizoandikwa bado zina faida: mkulima anaweza kuzikagua kwa kikokotoo cha simu na kuona kosa liko wapi.

Katika masuala ya shamba, uzembe wa kuuliza una gharama kubwa zaidi, kwa kuwa mchai huishi kwa miongo mingi. Mtu akiuliza tu, "Majani yanageuka manjano, nifanye nini?" anaweza kupewa ushauri unaofaa mimea mingine, kama vile kutia chokaa ili kupunguza asidi katika udongo. Kwa mahindi huenda ikafaa. Kwa majanichai, ambayo hustawi katika udongo wenye asidi, ni kujitafutia hasara.

Mwulizaji makini hutaja zao, eneo, umri wa michai, ilipogolewa lini, mbolea iliyotiwa na kiasi chake, na kama mvua ya mawe, ambayo Kericho inaijua sana, ilipiga karibuni. Kisha huongeza agizo moja muhimu: "Kabla ya kujibu, niulize mambo unayohitaji kujua, na useme wazi usipokuwa na hakika." Jibu atakalopata ni la kumwandaa kuzungumza na afisa wa kilimo au Taasisi ya Utafiti wa Majani Chai iliyoko Kericho. Kamwe lisichukuliwe kuwa ruhusa ya kununua dawa na kunyunyiza.

Suala la lugha nalo lina uzito wake. Programu nyingi zilifunzwa zaidi kwa Kiingereza. Kiswahili kinaeleweka kwa kiwango kizuri, lakini Kikipsigis, lugha ya wengi katika kaunti hizi mbili, kina maandishi machache mtandaoni, hivyo makosa ni rahisi kutokea. Kwa sasa, sentensi fupi za Kiswahili sanifu, zisizochanganywa na sheng, ni salama zaidi. Jambo zito lafaa kuulizwa mara mbili kwa maneno tofauti. Majibu yakigongana, mkulima ajue kuna walakini.

Aidha, kuna yasiyofaa kuandikwa kabisa. Nambari ya kitambulisho, nambari ya siri ya M-Pesa na majina ya majirani hayahitajiki ili kupiga hesabu ya bonasi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 humpa Mkenya haki juu ya habari zake, lakini haiwezi kuirejesha siri ambayo mwenyewe ameitoa.

Wapo watakaosema kuwa haya ni mambo ya vijana wa Nairobi. Historia ya karibuni ya Kericho inatoa onyo tofauti. Mashine za kuchuma majanichai ziliingia katika mashamba makubwa bila wachumaji kupewa nafasi ya kutosha ya kujiandaa, na mnamo Mei 2023 uhasama huo ulilipuka, mashine zikateketezwa na maisha kupotea. Jopo la kaunti lilikuwa tayari limependekeza kuwa asilimia 60 ya uchumaji iwe ya mashine na 40 ya mikono. Teknolojia ilipofika, wenye mikono walikuwa wa mwisho kusikizwa.

Akili unde inaweza kufuata mkondo huohuo. Wanunuzi, madalali na kampuni kubwa wana wataalamu wa kuitumia kuchanganua bei na mikataba. Mkulima asiyejua kuiuliza atakuwa mezani na watu wenye majibu ambayo yeye hana.

Serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wa akili unde wa 2025 hadi 2030 mnamo Machi 2025, na mpango wa Ajira Digital umekuwa ukiwafunza vijana kazi za mtandaoni tangu 2016. Kwa majanichai, njia fupi zaidi ipo tayari. KTDA imekuwa na madarasa ya mashambani ambako wakulima hufunzana uchumaji, upogoaji na matumizi ya mbolea. Somo la kuuliza laweza kuongezwa humo, kila darasa likitumia hati halisi za malipo za wanachama waliokubali, na vijana waliotoka Chuo Kikuu cha Kabianga wakiwasaidia wazee.

Hata hivyo, viwanda navyo vina deni. Swali lililoandikwa kwa ustadi mkubwa halitafaa kitu iwapo gharama za kiwanda, bei za mnada na makato hayakutolewa kwa lugha ambayo mkulima anaielewa. Kabla ya bonasi ijayo kutangazwa, wakurugenzi wachapishe takwimu hizo katika kila kituo cha kukusanyia majani, ili mkulima awe na cha kuulizia.