Mang'u Yatimiza Karne

Hongera kwa Shule ya Upili ya Mang'u. Ilianza mwaka 1925 huko Kabaa, Ukambani, chini ya Padri Michael Witte wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakati ambapo serikali ya kikoloni haikuwa na haraka yoyote ya kumpa kijana Mwafrika elimu ya sekondari. Baadaye ilihamia Mang'u, na ilipohama tena kuja karibu na Thika mwanzoni mwa miaka ya 1970, jina ilikuja nalo.

Yapo mengi ya kujivunia. Ni shule ya umma ambayo Kanisa Katoliki ndilo mfadhili wake, nayo hupokea vijana kutoka kila pembe ya Kenya. Mluhya na Mkamba hulala vitanda vya ghorofa, mmoja juu na mwingine chini, na kufikia Kidato cha Nne kila mmoja ameshazoea lafudhi ya mwenzake. Vijana husoma hata teknolojia ya ndege, somo ambalo ni nadra sana katika shule za sekondari za kanda hii. Mvulana aliyetoka kijijini hujikuta mbele ya injini ya ndege, akifundishwa kazi ya kila kipande.

Lakini katika historia yote ya shule hii, habari inayotugusa zaidi ni ya karo. Tom Mboya aliingia Mang'u mwaka 1946. Baba yake alifanya kazi katika shamba la mkonge pande za Kilima Mbogo, na wadogo zake nao walihitaji kusoma. Mwaka uliofuata fedha zikaisha. Mboya aliondoka bila kumaliza, akaenda kusomea ukaguzi wa afya, kozi ambayo haikumdai karo. Mwaka 1959 kijana huyo huyo, sasa kiongozi wa wafanyakazi, aliwasafirisha wanafunzi 81 kwa ndege kwenda vyuo vya Marekani, na mamia wakafuata.

Mwai Kibaki, aliyesoma Mang'u miaka hiyo hiyo, alibahatika kumaliza na kwenda Makerere. Alipokuwa Rais alifuta karo ya shule za msingi mwaka 2003, na mwaka 2008 serikali yake ikaanza kulipia ada ya masomo ya sekondari. Wawili hawa walijua karo inavyoweza kumkatiza mtoto njiani, na kila mmoja alipopata nafasi alifanya jambo.

Hata hivyo, gharama za bweni na chakula bado zinamwelemea mzazi. Kila mwanzo wa mwaka tunawaona wavulana waliofaulu vizuri sana wakiwa na barua za kujiunga na shule kubwa, masanduku yakiwa matupu.

Kwa hiyo tuna ombi moja kwa wahitimu wa Mang'u, waliojaa serikalini, hospitalini, benkini na seminarini. Misa ya shukrani isomwe, kwaya iimbe, keki ikatwe. Ila fedha zitakazochangwa zisiishie kwenye lango jipya wala mnara wa kumbukumbu. Zianzishe mfuko wa kudumu wa karo, unaosimamiwa na walimu, kasisi wa shule na wazazi kwa hesabu zilizo wazi, ili asiwepo tena kijana wa Mang'u atakayeondoka kama Mboya alivyoondoka mwaka 1947.